Kupitia kwa Mumeo

Dada Minza,

Hii ni mara ya tano naianza barua hii. Mara nne nimeichomoa kwenye mashine na kuitupa, kwa sababu kila nikigusa vitufe mkono unakwenda wenyewe kwenye anwani: kulia ya anayeandika, kushoto ya anayeandikiwa, na chini yake yale maneno mawili, "kupitia kwa". Nimeyachapa tangu nilipoanza kazi bila kuyafikiria. Siku hizi nikiyaona naitoa karatasi. Basi leo sijaweka anwani wala namba ya kumbukumbu. Wewe ni dada yangu mkubwa, umelala Ngulyati kwenye mji wa wakwe zako. Mimi ni Kabula, mdogo wako, mpiga chapa wa Bariadi. Inatosha.

Miaka mitatu sijakuandikia kwa sababu ya hasira, na usidhani zimeisha. Sikuja na yale maneno ya kwenye matangazo ya vifo, eti ulitutoka ghafla. Hukututoka ghafla. Ulitutoka polepole, kwa miaka sita ya ndoa, na sote tulikuwa tunaona. Mimi nilikuwa naona. Mayu, mama yetu, alikuwa anaona. Baba alikuwa anaona na kugeukia upande wa zizi.

Nayataja mambo unayoyajua kwa sababu nataka yawe kwenye karatasi. Hakuna karatasi yoyote ya kweli inayokuhusu wewe, Minza. Zote zimedanganya, na moja niliichapa mimi.

Ulikuja nyumbani Sapiwi msimu wa kuchuma pamba, ukiwa umevaa gauni la mikono mirefu kwenye jua lile. Ulisema kambini kwa mumeo kuna baridi. Mayu alikushika bega. Alikuingiza ndani, akakupandisha mkono wa gauni, na nilimsikia akiguna kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Alipotoka alikwenda kupembua mahindi ambayo yalikuwa yameshapembuliwa. Siku tatu ulikaa kwenye mkeka unachambua pamba bila kusema neno. Siku ya nne ukachukua fungu langu, ukalitazama, ukasema kwa jinsi ninavyochanganya fifi, ile pamba chafu, na safi nitaolewa na kipofu. Tukacheka. Nakumbuka nilijiambia kwamba umerudi, kwamba sasa hakuna atakayekuondoa hapo mkekani.

Halafu yeye akaja.

Nilikuwa namwita shemeji. Sasa simwiti hivyo, na nikilazimika namtaja kwa cheo, kwa sababu cheo ndicho alichokuwa anakipenda kuliko watu. Koplo Masanja alikuja na wenzake wawili, kombati zimenyooka, buti zinang'aa vumbi lote lile. Akasimama mbele ya baba yetu, akabana miguu, akampigia saluti. Majirani walikuwa wamejaa uani. Baba yetu, ambaye hata mtendaji wa kata hakuwahi kumwamkia vizuri, anapigiwa saluti kwake! Niliona mgongo wake unanyooka. Niliona pia kwamba hapo hapo tulikuwa tumekupoteza.

"Mwanangu," baba alikuambia, "mwenzio ni mtu wa serikali. Ana mawazo ya vita. Mvumilie." Na akaongeza lile la ng'ombe, kwamba wa mahari yako walishahama zizi, kaka ameshaoa kwa hao, na mwanamke akishatolewa ng'ombe ni wa kule. Mayu alichinja kuku. Akakufungashia michembe ya viazi vikavu na karanga za njiani. Tulikufungashia michembe, Minza, kama mtoto anayerudi shule! Mimi ndiye niliyefunga ule mfuko.

Kabla hujaondoka tulisimama nyuma ya nyumba, kwenye mtungi wa maji, ukanishika kidole kidogo kama ulivyokuwa unanishika tukivuka mto. Nikakuambia nitaandika. Nilijivuna, lazima nikiri. Katika familia nzima mimi ndiye niliyefika chuo cha uchapaji, mimi ndiye niliyekuwa nakaa ofisini kwenye chama cha ushirika, meneja hasaini barua mpaka nimeikagua. Nilikuambia kwamba Mkuu wa Kikosi akipata barua iliyoandikwa sawasawa hawezi kuipuuza. Sawasawa! Nilikuwa naliabudu neno hilo.

Niliichapa saa ya chakula, na nakala mbili za kaboni. "Yah: Kuomba kulindwa dhidi ya kupigwa na mume." Nikaeleza mkono, mbavu, jino, mimba uliyopoteza, na jinsi alivyokuwa anakusimanga kwa kutopata mtoto wakati mtoto alimtoa mwenyewe kwa buti. Sikutia chumvi hata punje. Nikamtumia jirani yako Mama Fausta, yule mama wa Songea mliyekuwa mnapakana ukuta kwenye nyumba za familia, naye akakupa uweke sahihi. Ukaipeleka mwenyewe kwa karani wa kikosi. Siku moja tu ikarudi, ina wino mwekundu pembeni: "Utaratibu haukufuatwa. Ipitie kwa mhusika."

Karani alikueleza, nawe ukanieleza kwa barua pamoja na ile iliyorudishwa, kwamba familia ya askari iko chini ya askari. Mke akiwa na shida anamwambia mumewe, mumewe anaandika, au mke anaandika na mumewe anapitisha. Njia ya peke yake hana. Ukanimalizia na sentensi ambayo naijua kwa moyo: "Wewe ndiye unayejua mambo ya ofisi, Kabula. Kama ndivyo ilivyo, basi."

Na mimi nilifanya nini? Hapa ndipo ninapotaka kujitemea mate. Ningeweza kupanda basi nikaja kukuchukua. Ningeweza kwenda polisi, kwa padri, kwa mtu yeyote. Nilichofanya ni kuweka karatasi mpya kwenye mashine. Nikachapa upya kuanzia tarehe, nikaacha nafasi vizuri, nikaongeza mstari: "Kupitia kwa: Koplo Masanja." Mashtaka juu ya mtu, yanapitia mkononi mwa mtu huyohuyo, nami sikuona ajabu. Niliona nimerekebisha kosa. Nilidhani ataona aibu, kwamba akijua Mkuu wake ataisoma ataogopa. Nilidhani barua iliyopita ngazi zote ina nguvu kuliko iliyoruka. Ndivyo tulivyofundishwa, na nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Nina hasira na wewe pia, dada, niseme ukweli. Uliijua mikono ile kuliko mimi. Kwa nini hukuichana? Kwa nini uliniamini? Hapana. Nafuta. Siwezi kufuta kwenye mashine lakini elewa kwamba nimefuta.

Mama Fausta ndiye aliyeniambia yaliyofuata. Ulimpa Koplo barua Jumapili, mmetoka kanisani, amekaa barazani ametulia. Aliisoma yote. Akaikunja, akaitia mfuko wa kifuani, akakuomba maji ya kunywa. Siku kumi na moja alikwenda nayo kazini na kurudi nayo. Siku kumi na moja ulikuwa unampigia pasi lile shati na barua yako imo mfukoni, unaitoa, unaiweka mezani, unapiga pasi, unairudisha! Siku ya kumi na moja akaisaini kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri kabisa: "Imepita kwangu." Akaipeleka kwa karani. Akarudi nyumbani.

Mama Fausta alisikia. Alichukua mchi akagonga ukuta, kama alivyozoea kufanya siku zote mkianza kusikika, na safari hii kugonga hakukusaidia kitu. Mumewe akamwambia aache mambo ya watu. Akaacha. Aliponisimulia alikuwa bado ameushika ule mchi mapajani, na nilishindwa kumlaumu, kwa sababu yeye angalau aligonga.

Daftari la zahanati ya kambi linasema uliteleza bafuni. Bafu gani, Minza? Mlikuwa mnaogea beseni kwenye uzio wa mabati.

Sasa sikiliza hili, maana hili hulijui. Barua yako iligongwa muhuri wa kupokelewa siku nne baada ya kukuzika. Na jibu likaja kwenye sanduku langu la posta, limeandikwa jina lako, limebanwa pamoja na barua yenyewe: malalamiko yamepokelewa, mlalamikaji afike ofisini yeye mwenyewe kwa mahojiano. Yeye mwenyewe! Nililisoma nimesimama posta na watu wanapita, nikaanza kucheka kwa sauti mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimepata habari njema. Jibu ninalo, barua yenyewe ninayo, na nakala ya kaboni ninayo. Nimeziweka kwenye faili, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua.

Na mazishi yako, Mungu wangu. Wenzake walikuja na lori. Walikubeba vizuri, hatua moja, mabega sawa, na watu wa Ngulyati wakanong'onezana kwamba kweli jeshi linajua kuzika. Yeye alilia. Alilia akiwa na tepe zake begani, na wanawake walimshika wakampa maji. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa miguu yako, na sikuwa na chozi. Wakasema Kabula ana moyo mgumu, kazi ya ofisi imemharibu.

Halafu wakaanza wimbo wao wa vita. Maskini alikuwa Kagera. Aliona mengi. Vita vilimharibu kichwa. Haya, vilimharibu. Mbona basi vilikuwa vinajua cheo? Meja alimfokea mbele ya wenzake, alisimama wima akasema ndiyo afande. Karani alimcheleweshea likizo, alinyamaza. Hakuna siku hata moja kichwa kilimpanda mbele ya mtu mwenye tepe nyingi kuliko zake. Kilikuwa kinamsubiri afike nyumbani, afunge mlango. Ni ugonjwa gani huo unaopiga saluti? Mume wa Mama Fausta naye alikuwa Kagera. Mlango ukibamizwa anaruka, anatetemeka, anatoka kwenda kukaa kwenye ngazi mpaka atulie, na mkewe anampelekea chai huko huko. Yule ni mgonjwa. Hajawahi kumgusa mkewe hata kwa ukucha.

Mambo yamebadilika tangu uondoke, ungeshangaa. Ushirika umeanguka. Wamekuja wanunuzi wa pamba na malori yao, kila mmoja na mizani yake, na hakuna tena anayeulizia sana fifi wala safi, wananunua tu. Wafanyakazi tumepunguzwa. Wengine walipewa viti, wengine makabati, mimi nikapewa mashine niliyokuwa nachapia, na ndiyo hii. Nimeiweka kwenye kibanda karibu na soko la Bariadi, nina benchi la wateja na kibao cha maandishi niliyopaka mwenyewe. Nachapa maombi ya kazi, hati za kuuziana viwanja, barua za wapenzi wanaoona aibu mwandiko wao. Mitumba imejaa mpaka barabarani. Vyama vya siasa vina bendera kila kona. Wanasema kila kitu sasa ni huria: soko huria, redio huria, mdomo huria. Mke wa askari tu ndiye aliyebaki anahitaji sahihi.

Na yeye akapandishwa cheo. Akawa sajenti. Akaoa tena.

Nililisikia la kuoa nikaendelea kuchapa. Sikutaka hata kujua jina la msichana. Nilimchukia, unaweza kuamini? Nilimchukia mtu nisiyemjua kwa sababu anapikia sufuria zako.

Mwezi uliopita, siku ya soko, mchana, akaja msichana mwembamba akakaa kwenye benchi langu. "Mwadila mayu," akanisalimia kwa adabu za nyumbani, ameinamisha kichwa. Alisema ametoka Ngulyati kwa wakwe, mume yuko likizo, Jumatatu wanarudi kambini, na kuna barua anataka ichapwe vizuri kwa sababu aliyoandika kwa mkono imekataliwa. Alikuwa amevaa sweta. Jua la Bariadi la mchana, bati la kibanda linalia, na yeye amevaa sweta mpaka kwenye vidole.

Akanipa karatasi ya daftari. Sikufika kwenye maneno yake. Macho yalikwenda pembeni kwenye wino mwekundu: "Ipitie kwa mhusika." Mwandiko uleule, dada. Ile "p" yenye mkia mrefu. Nikatazama chini, nikaona jina la mhusika.

Nikalisoma tena na tena. Yeye alidhani sijui kusoma mwandiko wake, akaanza kunisomea taratibu, kwa sauti ya chini ili watu wa benchi la jirani wasisikie. Mkono. Mbavu. Alipofika kwenye mbavu nikamwambia anyamaze. Nilimwambia kwa ukali, maskini, akaruka kama mtoto. Jina lake ni Rejina, mtu wa Nyalikungu kule Maswa, na hakuwa na habari hata kidogo anaongea na nani. Alikuwa ameambiwa mke wa kwanza aliteleza.

Nikatoa faili. Nikampa nakala yetu ya kaboni, nikamwacha asome. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu kwenye mstari wa "kupitia kwa", akauwekea kidole. Akaniuliza, "Na mimi unanichapia hivi?"

Minza, niliweka karatasi. Nilichapa barua yake yote kama alivyotaka, maneno yake mwenyewe. Nilipofika chini ya anwani ya Mkuu wa Kikosi, mkono ulishuka mistari miwili wenyewe kutafuta mahali pake pa kawaida, nikaushika kwa mkono wa pili. Sikuuweka mstari ule. Nikafunga kibanda katikati ya siku ya soko, wateja wananilalamikia, nikamshika mkono usiouma tukaondoka.

Tulikwenda polisi kwanza tukachukua fomu ya PF3 ya kupeleka hospitali. Askari wa kaunta alituambia haya ni ya nyumbani, tukayamalize na wazee. Nikamwambia wazee walishayamaliza mara moja, na yaliishia Ngulyati kaburini, kwa hiyo aandike. Nadhani nilikuwa napiga kelele. Akaandika. Hospitali ya wilaya daktari alimtazama, akamuuliza ameumiaje, na Rejina akaanza kusema ameteleza. Mazoea tu. Akajishika mdomo. Akasema, "Nimepigwa." Daktari akaandika: amepigwa. Neno moja, wino mweusi, mahali pake. Nilitoka nje nikashika ukuta nikalia yale machozi waliyoyatafuta kwangu kwenye msiba wako.

Nilimpeleka Sapiwi. Sikuwa na hakika baba atasema nini. Aliinuka kwenye kiti chake cha ngozi akamwachia. Mayu akampandisha mkono wa sweta, akaguna vilevile, na safari hii hakwenda kupembua chochote. Alikwenda kuchemsha maji.

Kesho yake mimi nikapanda basi kwenda kambini. Nilifika langoni, askari wa zamu akaniuliza nimepitia kwa nani. Nikamwambia sijapitia kwa mtu na sitapitia kwa mtu, na nitakaa hapo. Nikakaa kwenye jiwe. Akaja Mama Fausta kunitambua, akaja na mchi wake! Alikaa pembeni yangu. Halafu wakaanza kutoka wengine, mmoja mmoja, kutoka nyumba za familia, na kanga zao na watoto mgongoni. Mmoja alikuwa na jicho limefumba. Hatukupanga, dada, naapa. Ilipofika saa tisa tulikuwa tumeziba njia ya magari.

Mkuu wa Kikosi ni mpya, hakuwepo wakati wako. Alitoka mwenyewe kuuliza kuna nini. Nikampa barua ya Rejina mkononi na ya kwako mkononi, na jibu lao lile la kukuita ufike wewe mwenyewe. Alizisoma amesimama juani. Aliangalia tarehe ya "Imepita kwangu", akaangalia tarehe ya muhuri, akamwita karani akamwonyesha. Halafu akaniuliza, "Huyu mlalamikaji alifika?" Nikamwambia, "Afande, alikuwa ameshafika kaburini."

Wakati mimi niko kule, Sajenti Masanja alikuwa Sapiwi kumfuata mke wake. Mayu ndiye aliyenisimulia. Alikuja vilevile na wenzake, kombati zimenyooka, akabana miguu uani, akapiga saluti. Majirani wote wapo. Baba hakuinuka. Alimtazama tangu kofia mpaka buti, akasema, "Saluti hiyo nilishaipokea. Ilinichukulia mtoto." Wale wenzake wakaangalia chini. Kaka akaenda kusimama mlangoni alipokuwa Rejina, kaka yuleyule aliyeoa kwa ng'ombe wako. Sajenti akaondoka na vumbi lake.

Nimemsamehe baba? Bado. Nimemwambia bado. Lakini wiki ile ile alikwenda polisi Bariadi kwa miguu akasema anataka aandikwe kwamba yeye ndiye aliyekurudisha. Askari wakamwambia hilo si kosa la jinai. Akasema waandike tu.

Sajenti aliwekwa mahabusu ya kambi, kisha akakabidhiwa polisi, na kesi ya Rejina iko mahakamani. Kuhusu wewe wamefungua jalada. Ni jalada jembamba, sitakudanganya. Mganga aliyeandika umeteleza amehamishwa na hawajui waseme nini juu ya daftari lile. Mama Fausta ametoa maelezo. Mimi nimetoa maelezo, na nimesema pia habari ya mstari nilioongeza, kwa sababu sitaki karatasi nyingine ya uongo juu yako.

Kambini sasa mke wa askari anapokelewa langoni na barua yake, anamwandikia Mkuu moja kwa moja, na mume anatolewa nyumbani siku hiyo hiyo mpaka maneno yasikilizwe. Mwanamke habebi vitu vyake tena. Anayebeba ni mume. Padri na daktari wanakaa na wale waliotoka vitani wenye vichwa vinavyowasumbua, na mume wa Mama Fausta alikuwa wa kwanza kwenda, wa kwanza, yule ambaye hakuwa na kosa. Ni vizuri. Watibiwe, siwaombei mabaya. Lakini nilimwambia padri kwamba matibabu ya mtu anayepiga yanaanza kwa kumtoa kwenye nyumba anayopigia, ndipo dawa ifuate. Alikubali. Wote wanakubali sasa. Hasira yangu ni kwamba lilikuwa jambo rahisi kiasi hicho. Mstari mmoja, Minza. Ilikuwa ni kuondoa mstari mmoja.

Rejina yuko hapa kibandani anajifunza mashine. Anachapa kwa vidole viwili na anatoboa karatasi kila mahali penye nukta. Nimemwambia kwa kazi hiyo ataolewa na kipofu. Alipocheka nilitoka nje kidogo.

Nakuahidi hili: hakuna mwanamke atakayekaa kwenye benchi langu akaondoka na mstari ule, hata karani airudishe barua mara mia na wino mwekundu umwishie. Na jalada lako, jembamba hivyo lilivyo, nitakwenda kuliulizia kila siku ya soko mpaka wanichoke, na wakinichoka nitaendelea.

Kwaheri, dada. Kesho nakuletea barua hii Ngulyati. Kwa desturi napaswa kupiga hodi kwa mama mkwe wako kwanza, nisalimie wenye mji, nieleze kilichonileta, nisubiri mtu wa kunisindikiza mpaka kaburini kwako. Njia hiyo naifahamu. Nitapita shambani, nitaruka ule mfereji, nitakuja kwako moja kwa moja.

Mdogo wako,
Kabula